Tusiitazame litiamu pekee tukamsahau mwenzake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi limebaki ndani ya kuta za maabara, ilhali linagusa betri tunazozitegemea kila siku: polima (plastiki zenye molekuli ndefu kama mnyororo) zinazopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na namna zinavyoweza kuboreshwa kwa kubadilisha ioni mwenza. Mimi ni mhadhiri wa kemia hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kupima jinsi chaji inavyosafiri ndani ya plastiki. Naandika kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu pikipiki za umeme, taa za sola na simu yamejaa jina moja tu, litiamu, kana kwamba inafanya kazi peke yake. Haifanyi hivyo, na kutolijua hilo kumetufanya tuamini kwamba utafiti wa betri ni wa mataifa yenye migodi na viwanda vikubwa pekee.

Chumvi ya jikoni ni mfano ulio karibu. Ndani yake ioni ya sodiamu yenye chaji chanya imeshikana na ioni ya kloridi yenye chaji hasi, na hakuna duka, liwe la barabara ya Tom Mboya au la Gikomba, linaloweza kukuuzia ioni hiyo ya sodiamu bila mwenzake. Ndivyo ilivyo kwa litiamu pia. Inapotiwa ndani ya betri huja ikiandamana na ioni yenye chaji hasi inayoisawazisha, na hiyo ndiyo ninayoiita ioni mwenza. Wapo wanaopendelea kusema ioni kinzani, lakini naliona neno hilo linampeleka msomaji kombo, kwa kuwa kinachotajwa hapa si adui wa litiamu bali ni mwandani wake, na shida huanza pale uandani huo unapokuwa wa karibu mno.

Betri nyingi tulizo nazo leo, ikiwamo ile anayoinyanyua mwendesha bodaboda kwa mikono miwili anapobadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa, zina kimiminika kinachopitisha ioni kutoka elektrodi moja, yaani ncha moja ya betri, hadi nyingine. Kimiminika hicho hupitisha vizuri sana, lakini huwaka moto kwa urahisi na kinaweza kuvuja ganda likipasuka. Ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakitafuta kitu kisichomwagika, kinachopindika kama karatasi ya nailoni, ambacho bado kitaziruhusu ioni zipite. Mwaka 1973 Peter Wright na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walieleza jinsi chumvi za metali kama sodiamu na potasiamu zinavyoungana na polima iitwayo poliethilini oksaidi, na ilipofika mwishoni mwa muongo huo Michel Armand wa Ufaransa alikuwa tayari amependekeza kwamba mchanganyiko wa aina hiyo utumiwe kutengenezea betri. Tangu hapo polima hiyo imekuwa uwanja wa mazoezi wa kila anayeingia katika fani hii.

Namna ioni inavyopita ndani yake ni jambo linalopendeza kulifikiria. Mnyororo wa polima hiyo una atomi za oksijeni zilizopangwa kwa vipindi sawa, na ioni moja ya litiamu huzungukwa na takriban tano kati ya atomi hizo. Haikai palepale. Minyororo inapoyumba na kujinyonga, litiamu huachilia oksijeni moja ikiwa imekwisha kuishika nyingine, kama abiria aliyesimama ndani ya matatu iliyojaa, ambaye haondoi mkono kwenye chuma cha juu kabla hajapata pengine pa kushika. Kwa hiyo mwendo wa ioni unategemea mwendo wa mnyororo. Polima ikikakamaa, au sehemu yake ikijipanga na kuwa fuwele, abiria wetu hukwama. Poliethilini oksaidi huwa na fuwele nyingi chini ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na katika joto la kawaida la chumba upitishaji wake huwa chini ya ule wa kimiminika kwa mara elfu moja au zaidi. Magari ya umeme ya kukodisha ya Autolib', yaliyoanza kutumika Paris mwaka 2011, yalikuwa na betri za polima za namna hii, na betri hizo zilihitaji kupashwa joto la kati ya nyuzi 60 na 80 ndipo zifanye kazi ipasavyo. Hebu tufikirie asubuhi ya mwezi Julai hapa Nairobi, kipimajoto kikiwa kwenye nyuzi 11, na mwendesha bodaboda anataka kuondoka Kangemi saa kumi na moja unusu. Hawezi kuambiwa asubiri betri ipate moto kwanza.

Hapo ndipo ioni mwenza inapoingia. Ukitumia kloridi, ambayo ni ndogo na chaji yake imekusanyika mahali pamoja, yenyewe na litiamu watakuwa kama chanda na pete. Chumvi itakataa kuachana hata ikizungukwa na oksijeni za polima, na chumvi isiyoachana haipitishi chochote. Pakloreti huachana vizuri zaidi, na watafiti wa mwanzo waliitumia sana, lakini ni kioksidishaji kikali na inaweza kulipuka ikichanganyika na vitu vya kikaboni. Heksaflorofosfeti, ambayo ndiyo iliyomo katika betri nyingi za kimiminika, huharibika ikikutana na unyevu na kutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi maabarani asiyeihofu. Kisha kuna ile ambayo wanakemia huiita TFSI kwa ufupi, na hii naomba niieleze kwa utulivu kwa sababu ndani yake mna somo zima.

TFSI ina atomi moja ya naitrojeni katikati. Kila upande wa naitrojeni hiyo pana salfa iliyobeba oksijeni mbili, na kila salfa imeshikilia kaboni moja yenye florini tatu. Florini huvuta elektroni kwa nguvu sana, na oksijeni nazo huvuta, hivyo chaji hasi ambayo ingekaa juu ya naitrojeni pekee hutandazwa katika ioni nzima, kama samli inavyotandazwa juu ya chapati badala ya kuachwa bonge moja katikati. Litiamu inapoikaribia haioni mahali pa kung'ang'ania. Isitoshe, ioni hii ni kubwa na hujipinda kwa urahisi kwenye viungo vyake vya katikati, na kwa hiyo huivuruga minyororo ya polima isijipange kuwa fuwele. Mwenza mmoja amefanya kazi mbili: ameiachilia litiamu, na amelilainisha jumba lenyewe ambamo litiamu inatembea. Chumvi ya pili kwa ubora huenda ikafanya kazi ya kwanza bila ya pili, na tofauti hiyo huonekana mara moja kwenye kipimo.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu kwa njia iliyo wazi zaidi nilipoanza kushughulikia polima ambazo chaji chanya imo ndani ya mnyororo wenyewe, na ioni mwenza ndiyo inayotembea. Polima ya aina hiyo ikiwa na bromidi kama mwenza huyeyuka katika maji yaliyochujwa kwa mvuke, na mchanganyiko wake hauna rangi wala ukungu, kama maji ya kunywa. Ukichukua chumvi ya litiamu ya TFSI, nayo ukaiyeyusha kwenye maji katika bika jingine, yaani gilasi ya maabara, kisha ukaidondosha tone kwa tone ukiwa unakoroga, tone la kwanza linaacha ukungu, la pili linaacha nyuzi nyeupe, na baada ya dakika chache polima yote imeanguka chini ya bika kama uji uliokatika. Bromidi imebaki majini na litiamu. TFSI, ambayo haipendi maji, imeshika nafasi yake kwenye mnyororo, na polima iliyokuwa ikiyeyuka majini sasa haiyeyuki tena. Unaichuja, unaiosha mara nyingi, na ili kujua kama bromidi imekwisha unadondosha silva naitreti kwenye maji ya kuoshea: yakiwa na weupe wenye umanjano, rudia kuosha, yakibaki safi, umemaliza. Kipimo hicho mwanafunzi wa kidato cha nne anakijua.

Baada ya kukaushwa, vitu hivyo viwili havifanani hata kidogo. Polima yenye bromidi ni ngumu na huvunjika kama kioo. Yenye TFSI ni laini zaidi, na katika baadhi ya polima hizi halijoto ambayo chini yake minyororo huganda kama kioo hushuka kwa zaidi ya nyuzi 100 kwa sababu ya badiliko hilo moja. Upitishaji wake wa ioni unaweza kupanda kwa mara mia, wakati mwingine elfu. Mnyororo ni uleule, urefu wake ni uleule, na hakuna kiungo cha kaboni kilichovunjwa wala kuunganishwa. Kilichobadilika ni mwenza tu. Kila mwaka nikiwaonyesha wanafunzi wapya tukio hili, huwa nasubiri ule wakati wa tone la kwanza, kwa maana najua kuna atakayeinamia bika na kuuliza ni nini kimetokea, na huyo ndiye nitakayemtafuta wakati wa kugawa miradi.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa TFSI ni nzuri kiasi hicho, basi kazi imekwisha. Haijaisha, na hapa naomba subira ya msomaji kidogo. Katika poliethilini oksaidi yenye chumvi hiyo, kati ya kila sehemu 100 za mkondo unaopita, litiamu hubeba takriban 20 pekee. Zilizobaki hubebwa na mwenza, ambaye amekuwa huru kupita kiasi, ilhali betri haina haja ya mwendo wake. Betri inapochajiwa, mwenza hurundikana upande mmoja na chumvi huadimika upande mwingine. Na pale inapoadimika, litiamu inayojijenga juu ya elektrodi huota miiba ya metali ambayo inaweza kuutoboa utando wa polima na kuzikutanisha elektrodi mbili. Hivyo tumemfungua mwenza kutoka kwa litiamu, na sasa tunalazimika kumfunga mahali pengine.

Njia iliyopatikana ni kumshona mwenza kwenye mnyororo wa polima wenyewe, ili chaji hasi isiende popote na litiamu iwe ndiyo pekee inayosafiri. Wazo ni rahisi, utekelezaji wake umewatoa watu jasho. Mara nyingi waliposhona kundi la atomi liitwalo salfoneti, ambalo chaji yake imebanwa mahali padogo, litiamu ililing'ang'ania na upitishaji ukaanguka. Waliposhona kundi lenye umbo linalofanana na nusu ya TFSI, mambo yalibadilika. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Ufaransa, Armand akiwa miongoni mwao, lilichapisha polima ya sehemu tatu ambamo mwenza wa aina hiyo ameshonwa, na humo litiamu ilibeba zaidi ya asilimia 85 ya mkondo. Hata hivyo polima hiyo nayo ilipimwa ikiwa kwenye joto la nyuzi 60, kwa hiyo swali la yule mwendesha bodaboda wa Kangemi bado liko mezani. Mimi naamini jibu litapatikana kwa kuendelea kumchunguza mwenza: aina yake, urefu wa uzi uliomshona, na mahali anapokaa kwenye mnyororo.

Kubadilika kwa mwenza kunaweza pia kuharibu, na hilo tulijifunza kwa gharama. Tulikuwa na kipande cha Nafion, utando uliobuniwa na Walther Grot wa kampuni ya DuPont katika miaka ya 1960, ambao una makundi ya salfoneti yaliyoshonwa na ambao ioni mwenza yake ni protoni, yaani ioni ya haidrojeni. Utando huo ndio moyo wa seli nyingi za fueli, yaani vifaa vinavyotengeneza umeme kwa kutumia haidrojeni. Siku moja maji yaliyochujwa yalikuwa yamekwisha, na mtu akausuuza kwa maji ya kisima yaliyoletwa na boza, yale ya chumvichumvi ambayo wakazi wengi wa viunga vya jiji wanayajua. Ulipopimwa, ukinzani ulikuwa umepanda sana. Sodiamu na kalsiamu zilikuwa zimekalia viti vya protoni, na kalsiamu moja hukalia viti viwili. Tuliuchemsha kwa saa nzima katika asidi ya salfuriki iliyopunguzwa makali, kisha katika maji safi, na protoni zikarudi. Wenye vifaa vya kulainisha maji hotelini wanaijua kazi hii kwa upande wa pili, kwani wao humwaga chumvi ya kawaida juu ya chembechembe za polima ili sodiamu ichukue nafasi ya kalsiamu iliyonaswa.

Sasa nifike kwenye ombi langu. Kubadilisha ioni mwenza si kazi inayohitaji mtambo wa mabilioni. Inahitaji polima, chumvi, maji safi, mizani nzuri, tanuri lenye pampu ya kuondoa hewa, na kifaa cha kupima ukinzani kwa mkondo geu. Vyuo vyetu kadhaa vina karibu vyote hivi. Tunachokosa kwa kiasi kikubwa ni ukavu. Chumvi ya TFSI hunyonya unyevu kutoka hewani kwa pupa, na nakumbuka masika moja, mwezi Aprili, mwanafunzi wangu alinijia akitetemeka kwa furaha kwa kuwa utando wake ulikuwa ukipitisha mara kumi zaidi ya wiki iliyotangulia. Tuliuweka kwenye tanuri lisilo na hewa usiku kucha. Asubuhi kipimo kilikuwa kimerudi pale pale. Tulichokuwa tumekipima ni maji ya mvua yaliyomo hewani. Yule kijana hakulia, lakini alikaa kimya hadi saa ya chakula cha mchana, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya ukweli kwamba alipaswa kuwa na kisanduku cha glavu, yaani kile kisanduku kilichozibwa na kujazwa gesi ya agoni, ambacho mtafiti huingiza mikono kupitia glavu za mpira. Hatukuwa nacho.

Ninawasihi wanaosimamia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, wafikirie kununua visanduku vya namna hiyo vichache, viwekwe mahali ambapo vyuo vyote vya jiji na vya jirani vitapanga zamu ya kuvitumia, badala ya kila idara kusubiri chake. Ninawasihi pia wanaoshughulikia uingizaji wa kemikali watofautishe gramu 50 za chumvi ya utafiti na tani za bidhaa za biashara. Chupa moja ya chumvi kama hiyo niliisubiri miezi mitatu ikiwa imekaa ghalani, na ilipofika kifuniko kilikuwa kimelegea na unga ndani yake umekuwa tope.

Kuna jambo ambalo sitaki kulificha. TFSI na jamaa zake zina florini nyingi, na kemikali za florini za aina hii hazioozi kwa urahisi zikishaingia katika maji na udongo. Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza kundi zima la kemikali za namna hiyo liwekewe vikwazo katika Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo anayetafuta leo ioni mwenza iliyo laini, yenye chaji iliyotandazwa, lakini isiyo na florini, hayuko nyuma ya dunia; yuko mstari wa mbele pamoja na wengine wote, na kazi hiyo inaweza kuanzia katika vyuo vyetu vya Chiromo au Juja kama inavyoweza kuanzia Grenoble, Ufaransa. Vilevile tusiidharau sodiamu. Magadi tunayoyachimba wenyewe ziwani hutupatia kaboneti ya sodiamu, na kaboneti hiyo ni mojawapo ya malighafi za kutengenezea elektrodi za betri za sodiamu, ambazo nazo zinahitaji polima na mwenza anayefaa.

Kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba habari za namna hii zipate nafasi katika Kiswahili, kwa urefu unaostahili, kwa kuwa nimeona wanafunzi wanaoielewa kemia vizuri zaidi pale wanapoelezwa habari ya chanda na pete kuliko wanapokariri ufafanuzi wa kitabu. Na kwa walimu wa kemia wa shule za upili za Nairobi, nipo tayari kuwapokea pamoja na wanafunzi wao wachache wakati wa likizo ya Agosti ili waifanye kwa mikono yao ile kazi ya kubadilisha bromidi kwa TFSI. Polima, chumvi na silva naitreti nitavitoa mimi. Wao waje na koti la maabara, miwani ya kukinga macho na daftari.

Wako mwaminifu,
Mhadhiri wa kemia,
Nairobi